Pampu Ilazwe Mpaka Nifike

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo, daftari la visima na sipana mbili kubwa ambazo nilizitumia mpaka watu wakadhani ni zangu. Vijana wa ofisi walininunulia keki na soda, wakaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mishahara nayo tuiache, kila aliyewahi kuipokea anaijua. Nitaandika kuhusu kisima cha kwanza nilichokabidhiwa, kule Nakivale, kambi ya wakimbizi, maana karibu yote niliyowafundisha yametoka pale, na yale ninayoyawaza nikiwa peke yangu yametoka pale pia.

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na miaka kumi na saba na wadogo wawili. Wazazi wetu walivuka mpaka kabla sijazaliwa, kwa hiyo kambi ndiyo kwetu niliyoijua. Shule nilichelewa kuianza, na Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Mama alifariki mwaka huo wa kumi na saba, nikiwa la sita, kwa kuhara, siku tatu tu tangu alipoanza kulalamika tumbo. Shule niliiacha wiki ile ile. Hakuna aliyeniambia niache. Niliamka Jumatatu nikakuta uji haujapikwa na hakuna mwingine wa kuupika. Mdogo wangu Faustini alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Dativa, kitinda mimba, alikuwa na sita.

Maji tuliyachota ziwani. Njia ilikuwa ndefu, na ilibidi kuondoka mapema ili kuwahi kabla ng'ombe wa upande wa Endiinzi hawajashuka kunywa, lakini si mapema mno, kwa sababu ya viboko ambao walikuwa bado hawajarudi majini. Binadamu na ng'ombe tulikuwa na ufuko mmoja. Nyumbani tuliyachuja maji kwa kipande cha kanga ya mama. Kanga ilizuia majani na wadudu wanaoonekana. Kilichomuua mama kilikuwa kimepita katika kanga hiyo hiyo, na mimi nilijua hivyo kila nilipoikamua.

Kisha ikaja mashine ya kuchimba. Ilinguruma kwa siku kadhaa karibu na kanisa la kijiji chetu, ikatapika tope la kijivu, ikaondoka. Nyuma yake lilikuja gari dogo la mizigo likiwa na mabomba, pampu ya mkono ndani ya sanduku la mbao, na mtu mfupi mwenye kofia iliyowahi kuwa nyeupe. Huyo ndiye Mzee Ramadhani, Mwislamu wa Mbarara, fundi aliyeanza kazi kwenye mabomba ya kambi ya jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kule kambini kwa askari, kifupi na kisicho na mapambo. Alisoma Kurani kwa ufasaha, lakini herufi za ofisini hakuzijua, na hakuona haya kulisema.

"Nani hapa najua soma?" aliuliza.

Wanawake wakanisukuma mbele. Alinipa karatasi iliyotoka kwenye sanduku. Ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma yote kwa sauti, herufi kwa herufi, bila kuelewa nusu yake.

"Nasema nini?"

"Inasema juu, halafu inasema chini, halafu inasema usikaze sana."

"Mzuri. Hata mimi nilijua hivyo." Akaikunja na kuitia mfukoni. "Wewe ndiyo mlinzi wa pampu. Jina?"

"Vestina."

"Vestina, kuanzia leo hii pampu ni ng'ombe yako."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mahojiano ya siku hizi huchukua nusu siku na watu hao hao wanaopita hawajui kushika sipana.

Mzee Ramadhani alikuja kila mwezi, wakati mwingine kila baada ya miezi miwili ikiwa barabara ilikuwa mbaya au gari limekosa mafuta. Alinifundisha kusikiliza. Pampu nzima, alisema, ina sauti mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda. Ukisikia ya tatu, fungua. Alinifundisha kuhesabu mapigo kuanzia mpini unaposhikwa asubuhi hadi maji yatoke. Mapigo yakiongezeka siku hadi siku, ngozi za ndani zimechoka. Ngozi hizo tuliziita vikombe, kwa umbo lake, na zilipaswa kulowekwa kwenye mafuta kabla ya kufungwa. Mara moja mafuta yalipokosekana tuliziloweka kwenye samli. Kwa wiki mbili maji ya kijiji yalinukia samli, na ndama walikuwa wakivunja ua kuyafuata. Hakuna mtu aliyelalamika isipokuwa mimi niliyekuwa nikitengeneza ua.

Alinifundisha pia kukibana kibanio. Mnapotoa mabomba kisimani, moja baada ya jingine, kibanio ndicho kinachoshika yale yaliyobaki ndani yasitumbukie. Ukishakikaza unakigonga kwa sipana. Kikilia kama kengele kimeshika, kikilia kama sufuria, kaza tena. Halafu bomba lililotolewa alitaka liwekwe mbali na udongo, lilale sambamba na wenzake. "Toa, laza kwa nyasi," alikuwa akisema, bomba baada ya bomba, mpaka neno hilo likawa kama wimbo wetu. Kulaza, kwetu sisi wa kisima kile, kulikuwa na maana moja tu.

Mara mbili kwa mwaka nilikwenda naye Mbarara kuchukua vifaa, tukipitia Rwekubo na Kaberebere. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na yeye aliwajua wengi. Siku moja askari alifungua kasha letu.

"Hii nini?"

"Vikombe vya ngozi," nikamjibu.

Akakigeuza kimoja, akachungulia upande wa pili. "Hii iko na shimo chini. Watu wa kambi nakunywa nini na hii?"

"Nakunywa maji, afande," Mzee Ramadhani akasema. "Kila mtu na hii moja."

Askari alicheka mpaka akatufungulia njia bila kutazama kitu kingine.

Mjini nililala nyumbani kwake, karibu na msikiti, pamoja na mkewe na binti yao Zainabu, aliyekuwa sekondari na aliyependa sana Kiswahili cha vitabuni. Uani palikuwa na bomba la shaba lililong'aa, na chini yake pipa, na kwenye pipa maji yaliyoletwa na mtu kwa baiskeli. Bomba lilikuwa halijatoa hata tone kwa miezi mingi. "Ona mji," Mzee Ramadhani aliniambia. "Bomba mingi, maji hapana. Mtu nafikiri kazi yetu ni kuweka bomba. Kuweka ni siku moja. Kazi iko baadaye."

Hiyo baadaye ilikuja mapema. Kulitokea kipindi ambapo watu waliingia kambini kwa wingi, familia nzima nzima, baadhi na ng'ombe, wengi na kile walichoweza kubeba kichwani. Sitaeleza habari zao hapa, wenyewe wapo. Ninachoweza kueleza ni foleni. Ilianza kabla ya jua na haikwisha mpaka jua lizame. Mpini wa pampu haukupoa. Kiangazi kilipokolea, maji yakaanza kukatika saa nne asubuhi, kisha yakaja na mchanga. Mchanga ndani ya pampu ni kama mchanga ndani ya meno, unakula ngozi, unakula chuma. Nilimwandikia Mzee Ramadhani barua, nikampa dereva wa basi dogo pale Rwekubo. Baada ya siku nne nikapata jibu, kwa mwandiko mzuri wa Zainabu.

"Baada ya salamu. Baba amepokea barua yako na anasema hivi. Mchanga si dalili njema. Pampu ilazwe mpaka nifike."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikawaita wanaume wanne wenye nguvu, nikatoa sipana, tukaanza kutoa mabomba.

Kosa la kwanza lilikuwa la maneno na nitalieleza mbele. La pili lilikuwa langu peke yangu. Watu walijaa pale wakiuliza maswali: mnatoa kwa nini, mtarudisha lini, leo tupike na nini? Nilikuwa nikiwajibu huku nikikaza. Bomba la saba lilipotoka nilikibana kibanio, sikukigonga. Wanaume walipolegeza mikono, kibanio kiliteleza. Mabomba yaliyobaki, pamoja na silinda ya chini yenye vile vikombe, yalitumbukia. Sauti yake ilikuwa ndefu kuliko nilivyofikiri kisima kingeweza kuwa. 

Nilifunika tundu kwa jiwe bapa, nikakimbia Rwekubo kwa miguu, nikampata dereva yule yule. Safari hii sikumpa karatasi. Nilimwambia arudie mara tatu: mabomba yameanguka kisimani, njoo na chuma cha kuvulia.

Tulirudi ziwani, kijiji kizima, wazee kwa watoto. Kuni zilikuwa haba, lakini nilichemsha kila tone lililoingia nyumbani kwetu. Ufukoni sikuweza kuchemsha. Dativa alikuwa mtoto, alikuwa na kiu, na wenzake walikuwa wakinywa kwa viganja.

Mzee Ramadhani alifika asubuhi ya siku ya tatu. Alishuka garini, akayaona mabomba saba yamelala kwenye nyasi, akasimama.

"Nani nasema toa?"

"Wewe, Mzee." Nikampa barua.

Akaishika, akaigeuza, akanirudishia. "Soma."

Nikasoma.

"Soma tena, polepole."

Nilipofika kwenye ilazwe aliinua mkono. "Mimi hapana sema hiyo. Mimi nasema ilale. Lala, mchana. Funga yeye na mnyororo mchana, maji narudi chini, jioni nafungua. Kama mama ya mtoto: akilala, maziwa narudi. Hiyo ndiyo nasema."

"Kwetu kulaza ni kutoa mabomba, Mzee."

"Kwetu wapi? Si mimi ndiyo nafundisha wewe?"

"Ni wewe."

Alivua kofia, akajikuna kichwa kwa muda. Baadaye Zainabu alinieleza mwenyewe, akilia: ile ilale aliiona ya kitoto, akaivalisha ikawa ilazwe. Na neno mchana akaliacha, kwa sababu nani anapiga pampu usiku?

"Basi," Mzee Ramadhani akasema, "kosa ni ya mimi, na ya Zainabu, na ya wewe. Kisima peke yake hapana kosa. Lete kamba."

Hatukuwa tumefunga hata fundo moja Faustini alipokuja mbio. Dativa alikuwa ameshindwa kusimama. Nilimkuta amejikunja mlangoni, macho yameingia ndani, na nilipomfinya ngozi ya tumbo haikurudi upesi. Niliwahi kuiona ngozi ya namna hiyo. Nilimbeba hadi kisimani kwa kuwa gari lilikuwa pale.

Mzee Ramadhani alimtazama mara moja tu, akamwita dereva. "Peleka hospitali Mbarara. Usisimame. Ukimaliza pita nyumbani, ambia Zainabu akae na yeye." Kisha akanigeukia. Alisema kwa upole, na ndiyo maana ninayakumbuka maneno yake. "Vestina. Wewe nakwenda, ama nabaki? Ukienda, hapana neno. Mimi nangoja gari irudi, tunavua kesho kutwa. Kazi hii nataka watu wawili wanajua, na hapa wako wawili tu."

Wanawake wa foleni walikuwa wamesimama na madumu yao matupu. Mbele yao alikuwepo Mama Feza, jirani yetu, aliyetoka upande wa Zaire akiwa ameolewa na mtu wa kwetu. Ulimi wake ulikuwa mkali na hakuwahi kunisifu kwa lolote.

"Enda na mutoto, dada," alisema. "Mayi tutangoja. Tulishangoja mingi."

Nilifikiria kesho kutwa. Nilifikiria watoto wote waliokuwa ziwani saa ile. Nilifikiria kwamba mimi ndiye niliyeangusha. Nikampandisha Faustini kiti cha mbele, nikamlaza Dativa mapajani mwake, nikawapa chupa ya maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, nikamwonyesha Faustini jinsi ya kumpa kidogo kidogo.

"Wewe hupandi?" Dativa aliuliza.

"Nakuja nyuma yenu," nikasema.

Gari likaondoka, nasi tukaanza kuvua.

Chuma cha kuvulia kimechongwa ncha kama karoti, na kina meno ya skrubu. Unakishusha kwa mabomba mpaka kiguse lile lililoanguka, unakizungusha taratibu ili meno yaingie kwenye mdomo wake na kuuma. Huoni kitu. Unahisi kwa viganja tu. Mara ya kwanza kiligusa ukuta. Mara ya pili kiliuma, tukavuta hatua tatu, kikaachia. Mzee Ramadhani aliweka sikio kwenye bomba kama daktari, akaniambia kushoto kidogo, rudi, ngoja. Alasiri aliswali pale pale kwenye nyasi, kati ya mabomba, nami nikaketi nimeshika kamba kwa mikono miwili. Sikuswali mimi. Nilikuwa nikihesabu mji kwa mji: sasa wamefika Kaberebere, sasa wameingia Mbarara.

Siku ya kwanza iliisha bila kitu. Ya pili, saa tano asubuhi, aliondoa mikono yake kwenye chuma.

"Zungusha wewe."

"Mzee, nikikosea?"

"Wewe ndiyo iliangusha. Mkono yako najua mahali iko."

Sikuamini hivyo, wala sidhani kama yeye aliamini. Nadhani mikono yake ilikuwa imechoka na hakutaka watu wajue. Nilizungusha. Kitu kiliuma, kikakataa kusogea, kikakubali. Nilikaza nusu mzunguko zaidi. Tulivuta, na uzito ulikuja nao. Bomba la kwanza lilipochomoza juu nilikibana kibanio nikakigonga, na kililia kama kengele, na wanawake ambao hawakujua maana yake walipiga vigelegele kwa sababu waliuona uso wangu.

Jioni ile maji yalitoka, kwanza mekundu, kisha ya kijivu, kisha maji. Gari lilikuwa limerudi, na Faustini ndani yake. Dativa alikuwa ametundikiwa dripu na amefumbua macho. "Zainabu anasema abaki kwao kidogo apate nguvu," Faustini alisema. Nilikaa chini palepale kwenye tope.

Kesho yake tulianza kulaza pampu kwa maana ya Mzee Ramadhani. Tuliitumia asubuhi hadi saa nne, kisha mnyororo na kufuli hadi saa kumi, kisha tukafungua tena. Alinipa kamba yenye mafundo na jiwe dogo mwishoni. Kila siku niliishusha kabla ya kufunga na kabla ya kufungua, nikahesabu mafundo makavu. Yakipungua, kisima kimepumua. Maji yaliyomwagika tuliyaelekeza kwa mfereji hadi kwenye hori la ndama, na ng'ombe wakubwa wakaendelea na ziwa. Si elimu kubwa. Ni kukubali tu kwamba chini kuna kiasi, na kiasi hicho kina mwendo wake.

Kuwaeleza watu hivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuvua.

"Mayi nayo inalalaka?" Mama Feza aliuliza siku ya kwanza ya mnyororo, mikono kiunoni. "Iko na kitanda? Iko na blanketi?"

"Inapumzika, mama."

"Mimi niko na batoto saba, sijapumuzikaka hata siku moja. Hiyo pampu imezaa bangapi?"

Foleni nzima ilicheka, na mimi nilicheka, lakini sikufungua. Wengine walisema nawafichia wenye ng'ombe. Mtu mmoja alileta msumeno wa chuma, akakuta nimekalia mnyororo. Ilinibidi nikae pale mwenyewe. Kama ningemwachia mtu mwingine ufunguo, angefungua kwa jamaa yake wa kwanza, na angefungua kwa huruma, si kwa ubaya. Baada ya wiki tatu mchanga ulikoma. Mama Feza alilijua hilo kabla ya wengine. Alikuja saa tisa na nusu, akaketi juu ya dumu lake, akamwambia mwanamke aliyekuwa akigonga mpini, "Wacha kusumbua mugonjwa."

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka.

Nilisema nitamfuata Dativa mnyororo utakapozoeleka. Ulipozoeleka nikasema mvua ikinyesha. Mvua iliponyesha nikasema niwaone kwanza watu wakipanda, maana wakati wa kupanda ndipo wanapoacha zamu. Kila safari Mzee Ramadhani alileta habari: anakula, amenenepa, Zainabu amempeleka shule ya jirani maana anasumbua nyumbani. Nilifurahi. Nilimtumia karanga. Kila sababu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, na kwa hiyo hakuna hata moja iliyonishtua.

Vikombe vya ngozi vilipokwisha ndipo nilipokwenda Mbarara. Nilimkuta uani, ameinama kwenye beseni, anaosha sahani na Zainabu. Alikuwa amerefuka. Alisimama, akajifuta mikono kwenye gauni, akanisalimia kwa adabu kama mtoto anavyomsalimia mgeni. Nilimkumbatia. Alinukia sabuni nisiyoijua.

"Dada, pampu imepona?" aliuliza.

"Imepona."

"Lini?"

"Kesho yake. Siku moja tu baada ya wewe kuondoka."

Alifikiri. Niliona akihesabu. Alihesabu kwa Kiswahili, chini chini, wakati nyumbani tulikuwa tunahesabu kwa lugha yetu.

"Basi mbona hukuja?"

Nikamwambia kazi ilikuwa nyingi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye beseni. Zainabu aliinamia sahani moja akaisugua muda mrefu.

Mzee Ramadhani alikuwa mlangoni. Tulipobaki wawili alisema, "Mimi hapana chukua mtoto ya mtu. Ukitaka, kesho panda na yeye gari." Nilimuuliza Dativa mwenyewe. Alisema amalize muhula. Ilikuwa haki, alikuwa wa tatu darasani. Niliacha shule kwa ajili yake, sasa ningemtoaje shuleni kwa ajili yangu? Muhula ulifuatwa na muhula mwingine. Mimi niliendelea na kisima kile, kisha viwili, kisha vya kambi nzima. Muongo ule ulipokuwa ukiisha, macho ya Mzee Ramadhani yaliharibika, akaacha kazi, na mimi nikarithi sipana. Hakuwahi kunilaumu wala kunipongeza kwa siku ile. Alipofariki nilikuwa kwenye kisima cha upande wa ziwa, nikapata habari amekwisha kuzikwa. Bado nikisikia mpini wa pampu asubuhi, mahali popote, nasubiri kumsikia akikohoa nyuma yangu kabla ya kusema kuna sauti ya tatu.

Vijana wangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini nawalazimisha kurudia kila agizo kwa maneno yenu wenyewe kabla ya kugusa kitu, hata agizo la kuleta chai. Sasa mnajua. Mmeniuliza pia kwa nini nawafukuza kazini mwende nyumbani mtu wenu akiugua. Mlidhani ni roho nzuri. Visima vile vilingoja bila ninyi, na vyote vipo.

Faustini siku hizi yuko ng'ambo ya mpaka, walikotoka wazazi wetu, alirudi pamoja na waliorudi. Dativa yuko Mbarara, ana duka la vitambaa na watoto wakubwa. Tunapendana. Tunatembeleana Krismasi na Idi, kwa kuwa nyumba ile ilimzoesha zote mbili. Lakini katika miaka yote hii sijawahi kulala kwake zaidi ya siku moja. Kulikuwa na pampu mahali fulani kila mara.

Jana nilimpigia simu kutoka Rwekubo, ninakoishi sasa.

"Nataka kuja kwako," nikamwambia.

"Una kazi gani huku?"

"Sina kazi. Nimestaafu."

 Nilisikia cherehani nyuma yake ikisimama.

"Utakaa mpaka lini?"

"Mpaka utakaponichoka."

"Haya," akasema. "Lakini usipande gari, dada. Kaa hapo hapo Rwekubo. Nitakuja mwenyewe kukuchukua."

Atafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mzigo wangu nimeshaufunga, uko mlangoni. Leo ni Jumatano.